VLOOKUP, INDEX na MATCH, au XLOOKUP: ipi ya kutunzia hesabu za kikundi?

Mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa akishazoea kujumlisha kwa SUM, hukutana na kazi inayofuata bila kuitafuta: kutoa jina la mwanachama, hisa zake au deni lake kwenye shiti moja na kulipeleka kwenye nyingine, bila kuchungulia mstari kwa mstari hadi macho yaume. Excel ina njia tatu kuu za kufanya hivyo, na kila unayemwuliza atakutajia ile aliyofundishwa yeye. Aliyesomea kompyuta miaka ya nyuma atakwambia VLOOKUP. Mhasibu aliyezoea mafaili makubwa atakwambia INDEX na MATCH. Aliyejifunza juzi juzi atakwambia XLOOKUP, hayo mengine yamepitwa na wakati.

Zote tatu zinaleta jibu. Zinatofautiana pale zinapokosea, na mtu anayeshika fedha za wenzake aanzie hapo kuzipima. Fomula ikikosea kwa kutoa #N/A, alama ya kwamba kilichotafutwa hakikupatikana, haijamdhuru mtu: utaiona, utaishughulikia. Ya kuogopwa ni ile inayokosea kimya kimya, ikakuandikia jina kamili na kiasi kamili, kumbe ni vya mtu mwingine. Kipimo changu cha kwanza ni hicho. Cha pili ni kompyuta itakayofungua faili baada yako, kwa sababu daftari la kikundi halikai kwa mtu mmoja.

Faili la mfano

Shiti ya kwanza inaitwa Wanachama. Kolamu A ni namba ya mwanachama, B jina, C simu, D hisa. Wako kuanzia mstari wa 2 hadi wa 60. Shiti ya pili inaitwa Malipo, na humo hubandikwa miamala kama ilivyotoka kwenye taarifa ya simu: A tarehe, B namba iliyotuma, C kiasi. Kolamu D iko tupu, tunataka ijazwe jina la aliyetuma. Shiti ya tatu, Mikopo, ina namba ya mwanachama kwenye A na kiasi anachoomba kwenye B. Tunataka C ioneshe hisa zake, tujue kama anastahili.

VLOOKUP: mkongwe mwenye masharti

VLOOKUP imo ndani ya Excel tangu toleo la kwanza kabisa, lile la Macintosh la mwaka 1985. Ndiyo maana kila mtu anaijua na kila kompyuta inaielewa. Kwa shiti ya Mikopo tunaandika:

=VLOOKUP(A2,Wanachama!$A$2:$D$60,4,FALSE)

Maana yake: chukua namba iliyo A2, itafute kwenye kolamu ya kwanza ya eneo hili, ukiipata hesabu hadi kolamu ya nne, lete kilichomo, na usikubali ila kinacholingana sawasawa. Alama za $ zinalifunga eneo lisisogee unapoburuta fomula kwenda chini. Bila hizo, mstari unaofuata utatafuta kuanzia A3, mwingine kuanzia A4, na wanachama wa juu kwenye orodha wataanza kupotea mmoja mmoja.

Sharti la kwanza ni kwamba unachokitafuta lazima kiwe kushoto kabisa. Kwenye shiti ya Malipo tuna simu, tunataka jina. Lakini kwenye Wanachama jina liko kushoto kwa simu. VLOOKUP haitazami kushoto. Wengi hulazimika kunakili kolamu ya majina na kuipeleka upande wa pili, na kuanzia siku hiyo wana majina sehemu mbili: ukirekebisha moja, jingine linabaki na makosa yake.

Sharti la pili ni ile 4. Hiyo ni namba tupu, haijui kama kolamu ya nne ni hisa. Katibu akiingiza kolamu mpya kati ya simu na hisa, tuseme ya mfuko wa jamii, eneo litajinyoosha hadi E, ila 4 itabaki 4. Sasa unasoma mchango wa mfuko wa jamii ukidhani ni hisa. Ni tarakimu kwa tarakimu, hakuna alama nyekundu, hakuna onyo.

La tatu ndilo lililoumiza watu wengi zaidi, na nitakaa hapo kidogo. Ni lile neno FALSE la mwisho. Ukiliacha, Excel haisemi kitu. Inachukulia kwamba umekubali makadirio, yaani TRUE. Na makadirio yanataka orodha iwe imepangwa kutoka ndogo kwenda kubwa, kwa sababu Excel haisomi yote. Inaruka hadi katikati, inalinganisha, inatupa nusu moja, inaruka tena katikati ya nusu iliyobaki.

Tazama orodha hii ya namba, imeandikwa kwa jinsi watu walivyojiunga: 101, 118, 104, 122, 109. Mtafute 118 bila FALSE. Excel inaruka hadi ya katikati, 104. Kwa kuwa 118 ni kubwa kuliko 104, inaamua mtu huyo yuko chini na kuitupa nusu ya juu, ambako ndiko 118 alikoandikwa. Haitarudi tena. Itakuletea hisa za mwanachama mwingine, na seli itakuwa safi kabisa.

Hata orodha ikiwa imepangwa vizuri, makadirio hayafai kwa majina ya watu. Mtafute 120, ambaye si mwanachama, kwenye orodha iliyopangwa: Excel italeta taarifa za 118, kwa kuwa ndiye wa karibu aliye chini yake. Mpita njia ametuma hela kwenye namba ya kikundi kimakosa, na daftari limemwandikia mwanachama halali.

INDEX na MATCH: hatua mbili zinazoonekana

Hapa kazi inagawanywa. MATCH inajibu swali la "yuko mstari wa ngapi?" INDEX inajibu "mstari huo una nini kwenye kolamu ninayoitaka?" Kwa shiti ya Malipo:

=INDEX(Wanachama!$B$2:$B$60,MATCH(B2,Wanachama!$C$2:$C$60,0))

Simu inatafutwa kwenye C, jina linaletwa kutoka B. Kushoto au kulia si hoja tena. Katibu aingize kolamu anazotaka, anuani za B na C zitajirekebisha zenyewe, kwa sababu safari hii umetaja kolamu yenyewe badala ya kuihesabu.

Faida ninayoithamini kuliko zote ni kwamba unaweza kuikagua vipande vipande. Kwenye Excel ya kompyuta, bofya seli, nenda kwenye upau wa fomula, chagua kipande cha MATCH peke yake kuanzia herufi M hadi mabano yake ya kufunga, kisha bonyeza F9. Kipande hicho kitageuka namba, tuseme 17. Sasa unajua mtu ameonekana wa 17 kwenye orodha, unaenda kuhesabu na kuhakikisha. Ukimaliza bonyeza Esc. Usibonyeze Enter, maana 17 itabaki humo milele na fomula itakuwa imekufa.

Hatari zake ni mbili. Ya kwanza ni sifuri ya mwisho: MATCH nayo usipoitajia 0 hukadiria, kama VLOOKUP tu. Ya pili ni maeneo kutoanzia mstari mmoja. Ukiandika B2 hadi B60 upande wa INDEX, halafu C1 hadi C60 upande wa MATCH, kichwa cha kolamu kinahesabiwa kuwa wa kwanza. Aliye mstari wa 5 anatajwa kuwa wa 5, na INDEX ikihesabu tano kuanzia B2 inafika B6. Kila malipo yanaandikwa kwa jirani wa chini. Kosa hili nalo ni la kimya, kwa hiyo zoea kuangalia kwamba namba za mistari pande zote mbili zinafanana.

Ikiwa mna shiti ya michango ya mwaka, wanachama wakienda chini na miezi ikienda kulia, hapa INDEX inatamba. Unaipa MATCH mbili, ya mtu na ya mwezi:

=INDEX(Michango!$B$2:$M$60,MATCH($A2,Michango!$A$2:$A$60,0),MATCH("Machi",Michango!$B$1:$M$1,0))

Ukiiweka "Machi" kwenye seli yake badala ya kuiandika ndani ya fomula, unabadilisha neno moja na ripoti nzima ya mwezi inabadilika.

XLOOKUP: iliyosikia malalamiko

Microsoft waliitangaza Agosti 2019, na ukiitazama unaona wamejibu karibu kila kero ya hizo mbili:

=XLOOKUP(B2,Wanachama!$C$2:$C$60,Wanachama!$B$2:$B$60,"Hayumo")

Tafuta hiki, hapa, ulete cha pale, asipopatikana andika "Hayumo". Inasomeka jinsi mtu anavyosema. Usipotaja aina ya ulinganifu, inatafuta kinacholingana sawasawa. Yaani ukisahau, umesahau upande wa usalama. Maeneo mawili yakitofautiana urefu inakataa na kutoa #VALUE!, kwa hiyo lile kosa la jirani wa chini linakamatwa mara nyingi, ingawa urefu ukiwa sawa na mianzo ikatofautiana itakudanganya vilevile.

Kuna jambo inalifanya ambalo wenzake hawalifanyi kirahisi: kutafuta kuanzia chini. Kwenye shiti ya Malipo mwanachama mmoja anaonekana mara nyingi, na VLOOKUP daima inasimama kwa malipo ya kwanza. Unapotaka kujua mara ya mwisho alituma kiasi gani, ukiwa kwenye shiti ya Wanachama unaandika:

=XLOOKUP(C2,Malipo!$B$2:$B$900,Malipo!$C$2:$C$900,"Hajalipa",0,-1)

Ile -1 ya mwisho inaiambia ianzie mkiani. Mradi miamala imebandikwa kwa mpangilio wa tarehe, jibu ni malipo yake ya karibuni. Kwa kikao cha kufuatilia wadaiwa, mstari huu mmoja unafanya kazi ya jioni nzima.

Kasoro yake haimo ndani yake. Imo kwenye kompyuta za watu. XLOOKUP ipo kwenye Microsoft 365, Excel 2021 na kuendelea, na Excel ya bure ya mtandaoni. Google Sheets waliiongeza mwaka 2022, LibreOffice katika toleo la 24.8 lililotoka Agosti 2024. Excel 2019 haina, 2016 haina, 2013 na 2010 ndiyo kabisa. Na hizo ndizo utakazozikuta kwenye kompyuta nyingi za steshenari na ofisi ndogo.

Faili lenye XLOOKUP likifunguliwa kwenye Excel 2016 haliharibiki papo hapo, na hilo ndilo linalochanganya watu. Majibu ya zamani yanaonekana kama kawaida. Ukibofya seli ndipo unaona fomula imeandikwa _xlfn.XLOOKUP. Mtu akiigusa fomula hiyo na kubonyeza Enter, au kompyuta ikikokotoa upya, inageuka #NAME?, yaani Excel hiyo hailijui jina la fomula. Na kama Excel yake imepangwa isikokotoe yenyewe, anaweza kubadilisha hisa za mtu na jibu lisibadilike, akachapisha ripoti ya jana akidhani ni ya leo.

Zikiwekwa bega kwa bega

| | VLOOKUP | INDEX na MATCH | XLOOKUP |
|---|---|---|---|
| Usipotaja ulinganifu | hukadiria | hukadiria | hutafuta kilicho sawasawa |
| Kuleta cha kushoto | haiwezi | inaweza | inaweza |
| Kolamu mpya ikiingizwa katikati | huleta kolamu isiyo yake | haiyumbi | haiyumbi |
| Asipopatikana | #N/A | #N/A | neno utakaloandika |
| Malipo ya mwisho | haiwezi | kwa mzunguko mrefu | inaweza |
| Excel 2016 na 2019 | ipo | ipo | haipo |
| Google Sheets | ipo | ipo | ipo |
| LibreOffice | ipo | ipo | kuanzia 24.8 |

Suala la kasi nimeliacha nje. Kwa kikundi cha watu sitini, hata mia sita, hutahisi tofauti.

Hiyo #N/A watu wengi wanaifunika kwa IFERROR. Nashauri IFNA, iliyopo tangu Excel 2013. IFERROR inafunika makosa yote bila kubagua: shiti ikifutwa na fomula ikatoa #REF!, yenyewe bado itaandika "Hayumo", nawe utadhani ni mwanachama tu aliyekosekana. IFNA inafunika kukosekana peke yake, makosa mengine inayaacha yaonekane. Na unapofunika, andika neno, usiandike 0. Ukiweka sifuri kwenye kolamu ya deni, mtu ambaye jina lake limekosewa herufi moja atasomeka kuwa hadaiwi.

Kabla ya kuilaumu fomula

Ukichagua yoyote kati ya hizi, itakwama pale namba ya simu ilipoandikwa kwa sura nne. Katibu ameandika 0754 na kuendelea, Excel ikadhani ni hesabu na kuikata sifuri ya mbele. Mwingine ameanza na +255. Taarifa ya mtandao wa simu inaanza na 255 bila alama ya kujumlisha. Wa nne ameacha nafasi kila baada ya tarakimu tatu. Kwa macho ya binadamu ni simu moja. Kwa MATCH ni vitu vinne.

Dawa ni kutengeneza kolamu ya ufunguo pande zote mbili, kwenye Wanachama na kwenye Malipo, yenye tarakimu tisa za mwisho tu:

=RIGHT(SUBSTITUTE(C2," ",""),9)

Kwenye Malipo badilisha C2 iwe B2, kisha fomula zako zitafute ufunguo kwa ufunguo. SUBSTITUTE inaondoa nafasi, RIGHT inachukua tisa kutoka mwisho, na matokeo yote yanakuwa maandishi, kwa hiyo yanalingana. Tisa inafaa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo. Burundi weka nane. Kama umenakili orodha kutoka ukurasa wa intaneti na bado hailingani, huenda kuna nafasi ya aina nyingine isiyoonekana, ambayo hata TRIM, fomula ya kuondoa nafasi za ziada, haiigusi. Iondoe kwa SUBSTITUTE(C2,CHAR(160),"") kwanza.

Angalia pia usihifadhi faili kama CSV wakati namba ndefu zinaonekana kwa sura ya 2.55754E+11. Kinachoandikwa kwenye CSV ni hicho kinachoonekana, na tarakimu zilizobaki hazirudi.

Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, ina mtego wake. Ina tarakimu 20, na Excel hubeba tarakimu 15 tu kwa usahihi kwenye hesabu. Za mwisho inazigeuza sifuri. Kwa hiyo kolamu ya NIDA ipangwe kuwa maandishi kabla hujaanza kuandika. Hata hivyo ukitumia COUNTIF kutafuta waliojirudia, COUNTIF inayageuza maandishi hayo kuwa namba kimoyomoyo, na watu wawili wanaotofautiana kwenye tarakimu za mwisho pekee watahesabiwa kuwa mmoja. Kwa NIDA tumia MATCH yenye 0 au XLOOKUP. Hizo zinasoma maandishi kama maandishi.

Na jina lisiwe ufunguo. Vikundi vyetu vina akina Juma Hamisi wawili na akina Mariamu Saidi watatu, na fomula zote tatu, zisipoelekezwa vingine, humsimamia wa kwanza zinayemkuta. Mpe kila mtu namba.

Neno moja kuhusu kujumlisha, kwa sababu naona watu wakilazimisha VLOOKUP kwa kazi isiyo yake. Ukitaka jumla ya vyote alivyolipa mwanachama, hutafuti mstari, unajumlisha kwa sharti, tena ukiwa kwenye shiti ya Wanachama:

=SUMIFS(Malipo!$C$2:$C$900,Malipo!$B$2:$B$900,C2)

Pale makadirio yanapotakiwa

Baada ya kuyasema vibaya makadirio, niyatetee mahali pake. Kodi ya mshahara ni ngazi. Kwa viwango vya Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021, mapato ya mwezi baada ya kutoa mchango wa hifadhi ya jamii hutozwa hivi: hadi 270,000 hakuna kodi, kuanzia hapo hadi 520,000 ni asilimia 8 ya kilichozidi, hadi 760,000 ni 20,000 na asilimia 20 ya kilichozidi 520,000, hadi 1,000,000 ni 68,000 na asilimia 25, zaidi ya hapo ni 128,000 na asilimia 30.

Watu huandika hili kwa IF tano zilizofungwa ndani ya nyingine, mabano hadi yanakosa pa kuishia. Afadhali tengeneza shiti ya Kodi: kolamu A ianze na 0, 270000, 520000, 760000, 1000000; B iwe 0, 0, 20000, 68000, 128000; C iwe 0%, 8%, 20%, 25%, 30%. Kisha:

=VLOOKUP(E2,Kodi!$A$2:$C$6,2,TRUE)+(E2-VLOOKUP(E2,Kodi!$A$2:$C$6,1,TRUE))*VLOOKUP(E2,Kodi!$A$2:$C$6,3,TRUE)

Mtu mwenye 900,000 anaangukia ngazi ya 760,000. Msingi ni 68,000, kilichozidi ni 140,000, robo yake 35,000, jumla 103,000. Serikali ikibadilisha viwango unabadilisha jedwali, hugusi fomula hata moja.

Mwalimu anayepanga gradi za kidato cha nne hufanya vivyo hivyo: 0 F, 30 D, 45 C, 65 B, 75 A. Aamue kwanza kuhusu nusu, maana wastani wa 44.5 utasomeka D. Kama shule yenu hukadiria kwenda juu, weka ROUND ndani ya VLOOKUP. Kwa majedwali ya ngazi kama haya, VLOOKUP yenye TRUE iliyoandikwa wazi ni fupi na inaeleweka na kila mkaguzi. Sioni sababu ya kuibadilisha.

Kwa hiyo uchague ipi?

Kama daftari la kikundi liko Google Sheets na wote mnalifungua humo kwa simu, chukua XLOOKUP na usiangalie nyuma. Vivyo hivyo kama kompyuta ni yako, ina Microsoft 365 au Excel 2021, na unachowapa wengine ni karatasi iliyochapishwa au PDF.

Kama faili linatembea, leo kwa flashi hadi steshenari, kesho kwa barua pepe hadi kwa mkaguzi wa wilaya, keshokutwa kwa mweka hazina mpya mwenye kompyuta ya kaka yake, tumia INDEX na MATCH. Ni ndefu kidogo kuandika, lakini ni afadhali mkono wako uchoke kuliko fomula igeuke #NAME? mbele ya mkutano mkuu. Wala usijaribu kuwafaa wenye Excel ya zamani kwa kuhifadhi kama .xls. Muundo huo unaishia mistari 65,536. Mwaka 2020 Uingereza ilipitwa na wagonjwa wa korona 15,841 waliokosa kuingia kwenye takwimu za kila siku, kwa sababu majibu ya maabara yalipitishwa kwenye mafaili ya .xls na yaliyozidi kikomo yakaachwa nje bila kelele. Kikundi chako hakitafika huko, ila tabia ya kuhifadhi kwa .xlsx haigharimu kitu.

Anayeanza kabisa ningemfundisha MATCH peke yake kwanza, hata kama mwishowe atatumia XLOOKUP. Aitafute simu moja, aone inarudisha 17, ahesabu mwenyewe kwa kidole hadi mtu wa 17. Akishaelewa kwamba fomula zote hizi zinatafuta nafasi kwanza ndipo zilete kilichomo, hatahitaji kukariri. Kisha achukue wanachama watano, awakokotolee kwa kalamu, alinganishe na shiti. Awemo mmoja asiye mwanachama na mmoja aliye mstari wa mwisho kabisa, maana huko ndiko makosa hupenda kukaa.

Wenye ndugu au wanachama Kongo na Burundi wajue jambo moja zaidi. Kwenye Excel iliyopangwa kwa Kifaransa VLOOKUP huitwa RECHERCHEV, XLOOKUP ni RECHERCHEX, MATCH ni EQUIV, FALSE ni FAUX, na kati ya vipengele huwekwa nukta mkato badala ya koma. Ukimtumia mtu faili lenyewe, Excel yake itageuza majina bila kuombwa. Ukimwandikia fomula kwenye WhatsApp, haitakubali. Mtumie faili.

Na kama umekabidhiwa faili ambalo tayari limejaa VLOOKUP za mtangulizi wako, usianze kuandika upya yote. Bonyeza Ctrl pamoja na kitufe cha ` kilicho juu ya Tab. Shiti itaonesha fomula badala ya majibu. Pita ukitazama mambo matatu: ipi haina FALSE au 0 mwishoni, ipi haina alama za $ kwenye eneo, na ipi ina namba ya kolamu isiyolingana na kichwa cha kolamu inayosomwa. Rekebisha hizo kwanza, bonyeza tena Ctrl na ` kurudi kwenye majibu, kisha linganisha jumla ya kabla na ya baada. Tofauti ukiiona, iandike na uipeleke kwa mwenyekiti kabla hujagawa ripoti mpya.